TV inaganda na kuchanika: busta, antena ya nje, kichujio au uhamie dishi?

Wakuu, swali hili linarudi kila mara kwa watu wa king'amuzi cha antena. Picha ilikuwa safi, siku hizi inaganda, inachanika vipandevipande, sauti inakatakata, halafu kinatokea kile kimaandishi cha kusema hakuna signali. Mtu anakimbilia dukani, muuzaji anamwambia chukua busta, kile kifaa cha kukuza signali, anachukua, anafika nyumbani hali iko vile vile au imezidi. Sasa siyo kwamba busta ni mbaya, ila ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Enzi za analojia tatizo ulikuwa unaliona kwa macho. Signali ndogo ilileta chenga, mota ya jirani ilileta mistari, maghorofa yalileta kivuli cha picha pembeni ya picha yenyewe, yaani fundi akitupa jicho tu kwenye skrini anajua aanzie wapi. Dar es Salaam analojia ilizimwa Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikafuata, Kenya nao wakamaliza 2015, na ule ushahidi wa macho ukaenda nayo. Dijitali haina chenga. Inakupa picha safi kabisa mpaka pale inaposhindwa, kisha inaanguka kwa mkupuo. Signali ndogo na signali chafu zote zinaonekana sawasawa kwenye skrini, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Kwanza ujue ni ndogo au ni chafu

Shika rimoti, ingia menyu, nenda sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono. Utaona mistari miwili: mmoja umeandikwa Strength, hiyo ni nguvu, mwingine Quality, huo ni ubora. Usiangalie sekunde mbili ukaondoka, kaa nayo dakika kadhaa na ukae nayo muda ule ule inaposumbua, maana kupima saa nne asubuhi wakati tatizo linakuja saa mbili usiku ni kazi bure.

Nguvu iko chini na ubora uko chini, hiyo ni signali ndogo. Antena haimwoni mnara vizuri au waya unakula njiani. Nguvu iko juu lakini ubora unarukaruka au umelala kabisa, hiyo ni signali chafu: kuna kitu kinaingilia, au mawimbi yamezidi mpaka king'amuzi kimelewa. Namba zenyewe zisikupe presha, asilimia 70 ya king'amuzi hiki siyo asilimia 70 ya kile. Unachotafuta ni mwenendo.

Halafu angalia ni chaneli zipi zinaanguka. Kwenye dijitali masafa mamoja yenye upana wa 8 MHz yanabeba stesheni nyingi kwa pamoja, kwa hiyo zikianguka zote zilizopanda basi moja na zile za basi jingine ziko salama, mchafuzi wako anapiga eneo dogo tu. TV za UHF, yaani masafa ya TV za antena, sasa hivi zimepangiwa 470 mpaka 694 MHz. Chaneli ya 21 katikati yake ni 474, kila chaneli unaongeza 8, mpaka ya 48 yenye 690. Kuanzia 703 kwenda juu ni eneo la simu, na hapa Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyapiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018. Zikisumbua zile za mwishoni kabisa peke yake, mshukiwa wa kwanza ni mnara wa simu. Ikisumbua 594 peke yake, mshukiwa yuko sebuleni kwako, nitamtaja mbele.

Na muda nao unasema. Usiku tu: taa. Mvua ikinyesha tu: maji kwenye waya, au kama ni dishi basi mvua yenyewe. Bodaboda ikipita chini ya dirisha picha inachanika sekunde moja inarudi: plagi ya pikipiki inarusha cheche, na antena yako imekaa chini karibu na barabara.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne yale yale. Moja, inatibu ndogo, chafu au zote. Mbili, gharama na usumbufu, na hapa sitaji bei kwa sababu bei ya Kariakoo na ya Mwanza na ya Mombasa hazilingani, nitasema tu ni nafuu au inauma. Tatu, inagomea wapi. Nne, inamfaa nani. Nimeanza na ya bei rahisi kuliko zote nikamalizia na ya ghali kuliko zote, usisome huo mpangilio kama ubora.

Njia ya 1: Kufanya usafi ndani ya nyumba

*Inatibu nini.* Zote mbili, kwa kiasi chake, na watu wengi wanairuka kwa sababu haina kitu cha kununua cha maana.

Anzia kwenye waya wa antena. Ule wavu unaozunguka waya wa katikati haupo pale kwa urembo, ndio unaozuia makelele ya nje yasiingie. Pale kwenye koneta wavu ukiwa umekatika, au umesokotwa ovyo ukafungwa kwa selotepu, waya mzima unageuka antena ya kuokota takataka zote za nyumba. Fungua koneta uangalie. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa katikati unatosha kukuulia signali. Ukiona kijani au unga mweupe ndani yake, maji au chumvi vimeshaingia, kata kipande cha waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa ufunge koneta mpya ya kuzungusha, siyo ile ya kubana kwa plaizi.

Halafu vifaa vya umeme. Ndani ya taa ya LED, chaja ya simu, adapta na inveta kuna saketi inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ilivyotengenezwa vizuri inakuja na vichujio vyake, ile ya bei chee wamevitoa kiwandani kubana gharama, na kelele zote zinatoka kupitia nyaya. Kuna mama mmoja mtaani kwetu alikuwa haioni tena ile dakika ya mwisho ya taarifa ya habari, kila siku inaganda. King'amuzi kimeshabadilishwa, antena imeshageuzwa pande zote za dunia. Tumekaa sebuleni tunaangalia mstari wa ubora umetulia, kijana wake akapita akanyoosha mkono kuwasha taa ya barazani, mstari ukaporomoka pale pale. Zima, ukapanda. Washa, ukashuka. Waya wa antena ulikuwa umepitishwa dirishani ukakaa karibu kabisa na holda ya ile taa. Ikabadilishwa taa, waya ukahamishwa upande wa pili wa dirisha, kazi imeisha.

Kumsaka mchafuzi wa namna hii, zima kitu kimoja kimoja huku mtu mwingine anaangalia mstari. Redio ndogo ya betri nayo inasaidia: weka AM, sehemu isiyo na stesheni, isogeze karibu na taa, chaja, ekstensheni. Itakayofanya redio inguruma ni mshukiwa. Siyo kipimo cha uhakika kwa sababu AM iko chini sana ukilinganisha na UHF, ila kinakupunguzia orodha.

Sasa huyu wa 594. Picha ya HD inayopita kwenye HDMI inaendeshwa kwa mapigo ya 74.25 MHz au 148.5 MHz. Zidisha 74.25 mara 8 unapata 594, zidisha 148.5 mara 4 unapata 594 ile ile, na 594 ndiyo katikati kabisa ya chaneli ya 36. Waya wa HDMI wenye kinga mbovu unavujisha, na kama antena ya ndani imekaa juu ya TV, sentimita chache tu, unakula yote. Kumjua ni rahisi: chomoa HDMI, tumia ule waya wa njano, nyekundu na nyeupe, rudi kwenye menyu uangalie ubora. Ukipanda, umempata. Badilisha HDMI, au sogeza antena mita moja au mbili, mara nyingi umbali peke yake unatosha.

Kile kidude cheusi cha duara unachokiona kwenye waya wa chaja ya laptop, hiyo ni feraiti, kazi yake kuzuia kelele zisitembee juu ya waya. Kuna za kubana tu bila kukata waya. Bana moja kwenye waya wa antena jirani na king'amuzi, nyingine kwenye waya wa adapta. Wakati mwingine inasaidia sana, wakati mwingine huoni tofauti yoyote.

*Gharama na usumbufu.* Nafuu kuliko zote. Inataka uvumilivu na mtu wa pili wa kuwasha na kuzima.

*Inapogoma.* Mnara ukiwa mbali au ghorofa limekuziba, utasafisha mpaka uchoke. Na mchafuzi akiwa kwa jirani huna mamlaka ya kuingia kuzima taa zake, itabidi uongee naye.

*Inamfaa nani.* Kila mtu kabla hajanunua chochote, na hasa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta.

Njia ya 2: Busta

*Inatibu nini.* Signali ndogo inayopotelea njiani. Siyo chafu. Rudia hii sentensi ukiwa dukani.

Busta haijui ipi ni stesheni na ipi ni kelele, inakuza vyote. Busta ya desibeli 20 inazidisha nguvu mara 100, kwa hiyo kama kilichoingia ni picha na takataka, kinachotoka ni picha mara 100 na takataka mara 100, juu yake busta inaongeza kelele kidogo za kwake. Mstari wa nguvu utapanda mpaka mwisho, muuzaji atafurahi, ubora utabaki pale pale au utashuka.

Sasa inasaidia wapi? Kwenye waya mrefu. Waya mzuri wa antena wa RG6 ukiuvuta mita 30, zile chaneli za juu za UHF zinafika zikiwa na kama robo tu ya nguvu iliyotoka kwenye antena. Ukigawa kwa spilita ya TV mbili, kila upande unapata chini ya nusu ya kilichobaki. Hapo busta ina kazi, lakini lazima ikae juu, karibu na antena, ikuze signali ingali safi kabla waya haujaila. Ukiiweka chini nyuma ya TV unakuza kilichokwisha kuharibika. Hizi za kukaa juu zinapata umeme kupitia waya ule ule wa antena, ama kutoka kwenye adapta yake ama kutoka kwenye king'amuzi chenyewe, menyu nyingi zina sehemu ya kuwasha umeme wa antena wa volti 5. Kama antena yako haina busta acha hiyo sehemu imezimwa, maana antena nyingine zimeungana katikati na utakuwa unapeleka umeme kwenye shoti.

*Gharama na usumbufu.* Ya kati. Inaongeza adapta nyingine nyumbani, na adapta yenyewe ya bei chee inaweza ikawa mchafuzi mpya.

*Inapogoma.* Ukikaa karibu na mnara wa TV au wa simu. Mawimbi yanakuwa mengi, busta inazidiwa, inaanza kutengeneza matakataka yake yenyewe na unapoteza hata chaneli zilizokuwa nzuri. Kuna ubaya mwingine watu hawaujui: busta mbovu inaweza kuanza kujizungusha yenyewe ikageuka kuwa kitransmita kidogo, ikarudi juu kwenye antena na kuwaharibia majirani. Ukiona mtaa wote umekufa tangu siku mtu fulani aliponunua busta, anzeni kwake, kwa upole.

Zile antena za ndani bapa zilizoandikwa maili sijui ngapi kwenye boksi, nyingi ni kipande cha antena ya kawaida na busta ndogo. Pima kwa vigezo hivi hivi, usipime kwa boksi.

*Inamfaa nani.* Mwenye antena nzuri ya nje, signali safi ila ndogo, waya mrefu au TV zaidi ya moja.

Njia ya 3: Antena ya nje, juu

*Inatibu nini.* Ndogo na chafu kwa pamoja, na hiyo ndiyo nguvu yake. Ukiitoa antena ndani unaikutanisha na mnara moja kwa moja, na papo hapo unaiondoa kwenye makelele ya taa, chaja, HDMI na bodaboda. Bati la nyumba zetu linarudisha mawimbi, kwa hiyo antena ya ndani kwenye nyumba ya bati na madirisha yenye nondo inafanya kazi kwa huruma tu. Juu ya hapo antena ya vijiti yenye mwelekeo inasikia sana mbele na kidogo sana nyuma na ubavuni, maana yake mchafuzi aliye nyuma yako anapungua bila wewe kununua kitu kingine.

Mambo mawili yanaharibu kazi hii. La kwanza ni mwelekeo. Usikisie, tazama antena za majirani wanaoona vizuri zimetazama wapi, walio Nairobi wengi wanatazama Limuru. La pili ni mlalo. Kuna minara inayorusha mawimbi ya mlalo na mingine ya wima, na vijiti vya antena lazima vilale au visimame vivyo hivyo. Ukivikosea unapoteza signali nyingi sana huku antena imeelekea sawasawa kabisa, hapo mtu anaapa kwamba antena ni feki. Zungusha digrii 90 kabla hujairudisha dukani.

Geuza taratibu, kidogo kidogo, subiri sekunde chache kila ukigeuza kwa sababu mstari wa ubora unachelewa, na ufuate ubora, siyo nguvu. Wakati mwingine mahali penye nguvu kubwa siyo penye ubora mkubwa, na ukihamisha antena hatua mbili tu juu ya paa lile lile hali inabadilika.

*Gharama na usumbufu.* Inauma kidogo: antena, bomba, waya wa nje, fundi. Koneta ya nje ifungwe tepu ya mpira, na kabla waya haujaingia ndani uache kitanzi kinachoning'inia chini ili maji yadondokee pale yasitembee mpaka kwenye king'amuzi. Ukanda wa bahari, Tanga, Unguja, Mombasa kote huko, chumvi inakula alumini na koneta kwa haraka, kwa hiyo kuikagua kila baada ya masika ni sehemu ya gharama.

Na hili siyo la mzaha: bomba la antena likiinama likagusa nyaya za umeme za nguzoni, linaua. Kama nyaya ziko umbali ambao bomba likianguka linazifikia, tafuta sehemu nyingine. Radi ikianza kunguruma chomoa waya wa antena na wa umeme, vyote viwili.

*Inapogoma.* Mlima au ghorofa refu likikaa katikati. Na mpangaji wa ghorofani ambaye paa siyo lake.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba yake, au mwenye maelewano na mwenye nyumba, aliye pembezoni mwa mji, au mjini penye makelele mengi.

Njia ya 4: Kichujio cha mawimbi ya simu

*Inatibu nini.* Chafu ya aina moja tu, ile ya mnara wa simu ulio karibu. Antena nyingi zilizoko kwenye mapaa zilitengenezwa kupokea mpaka 862 MHz, wakati huo wote ulikuwa uwanja wa TV. Sasa 4G imekaa kwenye 800 na 700, antena yako inaendelea kuipokea kama mgeni wake. Kichujio kinakata kila kitu kinachozidi 694, au 790 kwa vile vya zamani kidogo, soma maandishi yake kabla ya kulipa.

*Gharama na usumbufu.* Ni kidude cha ukubwa wa kidole, unakizungusha kwenye waya umemaliza.

*Inapogoma.* Kwenye antena yenye busta ndani yake. Busta ikishazidiwa uchafu umeshachanganyika, kichujio ukikiweka chini baada yake hakiwezi kuutenganisha. Kinatakiwa kikae kabla ya busta. Na kama mchafuzi ni taa au HDMI, hivyo viko ndani ya masafa yale yale ya TV, hakitavigusa.

*Inamfaa nani.* Anayeuona mnara wa simu dirishani na tatizo lake liko kwenye chaneli za mwishoni, au lilianza tangu mnara uliposimamishwa. Wengine wote wabaki na hela yao.

Njia ya 5: Kuhamia dishi

*Inatibu nini.* Haitibu, inakuhamisha uwanja. Dishi dogo linapokea mawimbi ya Ku, kati ya 10.7 na 12.75 GHz, huko juu taa za LED na bodaboda hazifiki. Minara ya ardhini nayo haikuhusu tena, unachohitaji ni kuona kipande cha anga tu. Ukiwa Dar, setilaiti iliyoko digrii 36 mashariki iko karibu utosini, dishi lake linatazama juu kabisa, wakati lile la digrii 7 mashariki linatazama magharibi likiwa limeinuka kama digrii 50. Kwa hiyo mwembe ulio magharibi mwa nyumba unamsumbua mmoja na mwingine hausikii kabisa. Kabla hujalipa uliza ni setilaiti ipi, simama uwanjani ujue inatokea upande gani.

*Gharama na usumbufu.* Juu kuliko zote: dishi, LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi), king'amuzi kingine maana kile cha antena hakifanyi kazi hapa, na kwa wengi malipo ya kila mwezi. Uliza pia stesheni zipi za nyumbani zinabaki kifurushi kikiisha, jibu siyo moja kwa makampuni yote.

*Inapogoma.* Mvua kubwa. Mawimbi ya Ku yanamezwa na mvua nzito, wingu la masika likisimama juu yako unaweza kukaa bila picha mpaka lipite, na hilo hakuna fundi wa kulimaliza, unalipunguza tu kwa dishi kubwa zaidi lililolengwa vizuri. Mwezi Machi na Septemba kuna siku chache ambazo jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, picha inakatika dakika kadhaa saa ile ile kila siku halafu inarudi. Usimwite fundi, subiri.

Na uingiliaji upo, usidhani umeukimbia wote. LNB inashusha mawimbi mpaka kati ya 950 na 2150 MHz ndipo yateremke kwenye waya, na humo humo yamo masafa ya simu ya 1800. Koneta mbovu nyuma ya king'amuzi inayaruhusu kuingia, kwa hiyo usafi wa njia ya kwanza unakufuata hata huku. Wale wa dishi kubwa la wavu, la C-band, wanapokea kati ya 3.4 na 4.2 GHz, na 5G nyingi duniani imewekwa maeneo ya 3.5. Kama una dishi hilo na chaneli zako za chini zimeanza kufa bila sababu, angalia kama kuna mnara mpya, vipo vichujio vya kufunga mbele ya LNB.

*Inamfaa nani.* Aliye bondeni au nyuma ya mlima, aliye kijijini ambako mnara wa TV haufiki, na anayetaka chaneli nyingi kwa vyovyote vile.

Sasa wewe uko wapi?

Mpangaji wa chumba au wa ghorofani, antena iko ndani: fanya usafi kwanza, sogeza antena dirishani mbali na TV, badilisha koneta na HDMI. Ikishindikana, ongea na mwenye nyumba kuhusu antena moja ya nje ya kugawana wapangaji wote, hapo busta ya juu na spilita nzuri zina maana, na gharama ikigawanywa haiumi.

Nyumba yako, pembezoni, mistari yote miwili iko chini: antena ya nje, mwelekeo na mlalo sawa. Busta isubiri mpaka uone antena peke yake imekufikisha wapi.

Nguvu imejaa, ubora hauna adabu, na busta ipo: iondoe kabisa, uunge waya moja kwa moja, uangalie. Ukikaa karibu na mnara hiyo inaweza kuwa ndiyo dawa yote. Ikiboreka nusu na chaneli za mwishoni bado zinasumbua, ongeza kichujio.

Kijijini kwenye sola: inveta na ile kontrola ya kuchajia betri ni wachafuzi wazuri sana, na usiku zinafanya kazi karibu na TV. Pitisha waya wa antena mbali na nyaya za sola, usizifunge pamoja kwenye bomba moja, bana feraiti. Jaribu pia king'amuzi na TV vya volti 12 moja kwa moja kwenye betri bila kupitia inveta, kama vyako vinaruhusu. Mnara ukiwa mbali sana, hapo dishi linaweza kukusumbua kidogo kuliko kuhangaika na bomba refu.

Mvua ikinyesha tu na wewe siyo mtu wa dishi: ni maji, tafuta koneta ya juu. Usinunue kitu kingine mpaka umeifungua uone.

Mtaa mzima unalia, majirani wa antena tofauti na ving'amuzi tofauti, saa zile zile: hilo siyo la nyumba yako. Piga picha ya mistari ya nguvu na ubora, andika masafa yanayoanguka na saa yanapoanguka, majirani wawili watatu wafanye vivyo hivyo, mpeleke kwa kampuni ya king'amuzi, na wakikaa kimya mpeleke TCRA, au kwa walio Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano. Ukisema tu TV haionyeshi watakuambia zima halafu washa.